Jawabu ya Mzazi: Kijana Kujifunza Kuchora

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, Mwenye kuwatia viumbe sura katika matumbo ya mama zao kama atakavyo. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, imelifikia darasa letu barua ya mzee mmoja wa hapa Lamu, mtu mwenye dini na haya, ambaye jina lake hatulitaji. Asema kwamba mwanawe yuko katika chuo huko bara, asomea sanaa na usanifu, na sasa yuko mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza alirudi likizo na daftari kubwa lililojaa masanduku, chupa, viti, kivuli cha birika, na mkono wake mwenyewe ameuchora mara kumi na zaidi. Mzee akacheka, akaona ni mchezo wa kulipiwa karo. Kisha akasikia barazani kwamba kila mchoraji ni wa motoni, na kijana naye akamwambia, kwa kuwa hakutaka kumficha baba yake, kwamba muhula ujao watakalishwa mbele ya mtu hai wamchore. Mzee amezuia karo. Atuuliza: je, nimtoe mwanangu chuoni?

Swali hili si la mtu mmoja. Vijana wetu wa kiume na wa kike waenda vyuoni kila mwaka, na haifai tuwajibu kwa neno la barazani. Basi na tulitazame jambo lenyewe, kwanza kwa dalili zake, kisha kwa hali yetu.

Hadithi za kuwaonya wenye kutengeneza sura ni sahihi, wamezipokea Bukhari na Muslim, wala sisi si katika wale wanaoipinda hadithi ili iwafuate wao. Lakini mwenye kuisoma hadithi aisome yote. Ibn Abbas alijiwa na mtu aliyesema kuwa riziki yake yatoka katika kazi ya mkono wake, naye ni mwenye kutengeneza sura. Ibn Abbas akamsomea aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.), kwamba mwenye kufanya sura ataadhibiwa mpaka aitie roho, na hataweza kuitia kamwe. Yule mtu akahema kwa uzito, uso ukamgeuka rangi. Je, Ibn Abbas alimwambia avunje kalamu akae bure? La. Alimwelekeza kwenye miti na kila kisichokuwa na roho. Sahaba yule alimwekea fundi mlango wa kutokea, na sisi leo twataka kuwa wakali kuliko yeye.

Sasa, vya chuoni vingi ni vya mlango huo huo. Sanduku halina roho, wala chupa, wala nyumba, wala herufi, wala ua la kanga. Katika haya hatujui mwanachuoni aliyekataza, na mwenye kumtisha kijana kwa haya ameongeza katika dini lisilokuwamo.

Liliobaki ni picha ya mtu na mnyama, na hapa maulamaa wamekhitalifiana. Imam Nawawi, naye ni katika nguzo za madhehebu yetu ya Shafii, alikaza, asitenge baina ya chenye kivuli na kisichokuwa nacho. Wengine, hasa katika madhehebu ya Imam Malik, waliona katazo kali ni la sanamu kamili yenye kiwiliwili, na picha iliyo bapa juu ya nguo au karatasi hawakuipa hukumu hiyo. Katika karne iliyopita Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, baada ya kuona katika kisiwa cha Sicily jinsi watu wale walivyohifadhi michoro ya zamani zao, aliandika mwaka 1904 katika jarida la al-Manar kwamba mchoro wahifadhi hali za watu kama mashairi yanavyozihifadhi, na kwamba hofu ya kuabudiwa ikiondoka, na faida ikithibiti, sheria haikuja kukiharamisha chombo cha elimu. Jarida hilo ndilo lililosomwa na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyewaandikia watu wa pwani hii Sahifa na al-Islah tangu mwaka 1930. Twalitaja ili ijulikane kuwa rai hii haikuzuka jana.

Sisi twasema: mwenye kutaka kusalimika zaidi na ashike ya Ibn Abbas, achore visivyo na roho, na chuoni ataikuta kazi tele. Na mwanafunzi anayechora mkono au uso ili ajue mifupa na vipimo vyake, si wa kutundikwa wala kutukuzwa, huyo hatuthubutu kumhukumia moto, kwani wamemtangulia wanavyuoni.

Lakini ajabu yetu ni hii. Mtu huyo huyo anayemkemea kijana kwa kuchora paka, ukiingia sebuleni kwake utaona picha ya sheikh aliyekufa, imetiwa fremu ya dhahabu, imefukizwa udi, na mgonjwa wa nyumba yageuzwa macho yake kwayo. Ibn Abbas ametueleza habari ya watu wa Nuhu, kwamba yale masanamu yao asili yake yalikuwa ni majina ya watu wema; walipokufa wakasimamishiwa sura katika mabaraza yao, elimu ilipoondoka wakaabudiwa. Hilo ndilo shina la katazo. Tumekata majani ya mti, na shina twalinyweshea maji ya waridi!

Na jambo la kumkalisha mtu uchi mbele ya darasa, hili halina khitilafu. Tupu ni tupu, iwe mbele ya mchoraji au mbele ya mpita njia, na jina la sanaa haliibadilishi. Tumeuliza wenye kujua vyuo hivi, wametwambia kwamba mara nyingi anayekaa kuchorwa huwa amevaa nguo zake, na mara nyingine ni mwanafunzi mwenziwe. Kijana aende kwa mwalimu wake mapema, kwa adabu, amwambie: dini yangu hainiruhusu lile, nipe badala yake mkono, au mtu aliyevaa, au mifupa ya skuli ya uganga. Asinyamaze kisha akaingia akiinamisha kichwa. Mwenye kusema dini yake kwa heshima huheshimiwa.

Tumemaliza halali na haramu. Lakini mzee yule hakuuliza liliobaki, nalo kwetu ndilo kubwa: elimu hii yamfunza nini mwanawe?

Mtu akiwekewa kikombe mezani aambiwe akichore, hakika mara ya kwanza atauchora mdomo wake duara kamili. Kwa nini? Kwa sababu ajua kuwa mdomo wa kikombe ni duara. Lakini akitazama kutoka alipokaa, ataona si duara, ni kama yai lililolala. Na akiinama zaidi lawa jembamba, mpaka lawa mstari. Mwalimu wa kuchora humwambia: chora ukionacho, usichore ukijuacho. Kisha humfunza kunyoosha mkono na penseli, afumbe jicho moja, apime: urefu wa chupa waingia mara ngapi katika upana wa meza? Atazame na ile nafasi tupu baina ya mguu wa kiti na mguu, kwani nayo ina umbo lake. Miezi mingi ya mwanzo si kufunza mkono, ni kuliondolea jicho uvivu.

Ndugu zangu, uvivu huo katika dini jina lake ni nani asiyelijua? Ni taqlidi. Ni kusema duara kwa kuwa baba alisema duara, bila kuinua uso. Na Qurani, katika Sura ya al-Ghashiya, yawauliza watu kwa nini hawamtazami ngamia jinsi alivyoumbwa, na mbingu, na milima, na ardhi. Haikusema wasikie habari za ngamia. Wangapi miongoni mwetu wamepita chini ya mkoko maisha yao yote, na lau wataulizwa mizizi yake yatoka wapi katika shina, hawajui? Kijana aliyekaa saa mbili kuuchora mkoko ajua, na akiwa na imani, kila mzizi ni tasbihi.

Wala elimu hii si ya kikafiri kama wasemavyo. Katika karne ya nne ya Hijra, Ibn Muqla wa Baghdad aliipima khati kwa nukta ya kalamu: alifu nukta kadhaa, na herufi nyingine kwa duara ya alifu. Anayepima chupa kwa penseli na aliyepima baa kwa nukta, kazi yao ni moja. Kisha akaja Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Misri kiasi cha mwaka 1040, akaeleza katika kitabu chake cha Manazir kwamba jicho halitoi nuru, bali nuru ndiyo inayoliingia jicho kutoka katika kitu. Kitabu kikatiwa katika Kilatini, na Wazungu wakajengea juu yake elimu ya kuchora ya karibu na ya mbali. Na mtu huyo ndiye aliyeonya kwamba mwenye kutafuta haki si yule anayewaamini waliotangulia kwa kuwa wametangulia.

Tena tujitazame sisi wenyewe. Fundi wa mlango wa Lamu hatii patasi kwenye mfaa kabla hajachora kwa bikari na rula. Mshona kofia hutia ua kwa kalamu kabla ya sindano. Zidaka za chokaa katika nyumba za Mkomani zilianza kwa mstari. Na waandishi wa Siyu, katika karne ya 18 na ya 19, walinakili misahafu na kuizungushia nakshi za wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Mababu walikuwa wachoraji, na hawakuwa makafiri.

Sisi tulipoiacha kalamu, wengine waliishika. Aliyepima nyumba za mji huu na kuzichora katika kitabu, mwaka 1975, ni Usam Ghaidan, mgeni aliyekuwa akisomesha Chuo Kikuu cha Nairobi; twamshukuru, kwani michoro ya namna hiyo ndiyo iliyosaidia mji kuhifadhiwa hata ukaingia katika urithi wa dunia mwaka 2001. Tangu mwaka 2011 wachoraji wa Ulaya wamekuwa wakija kwa tamasha yao, wakaa mbele ya bahari wakichora majahazi yetu, na watoto wetu wasimama nyuma yao wakitazama. Mwaka 2012 ulipozinduliwa ujenzi wa bandari mpya upande wa bara, ramani zilikuwa za wengine. Mahakama Kuu mwaka 2018 ilihukumu kwamba watu wa hapa hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba haki za wavuvi zimevunjwa. Mvuvi aujua kila mwamba kwa jina lake. Lakini ni nani kati yetu aliyeweza kuuweka mwamba huo juu ya karatasi, kwa kipimo, mbele ya hakimu?

Kwa hivyo jawabu yetu kwa mzee ni hii. Lipa karo kabla muhula haujafunguliwa. Mwambie mwanao aende kwa mwalimu wake na maneno tuliyoyataja, na akitaka tumwandikie barua ya kuonyesha chuoni, tutaiandika. Na akirudi likizo aje na daftari lake darasani siku ya Alhamisi baada ya Alasiri, kwani ukuta wa kibla wa chuo chetu umebomoka nakshi zake, na fundi aliyebaki ataka mtu wa kuzichora upya kabla hazijaanguka zote.

Wallahu aalam. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.