Mshale wa Kibla

Kwa Waswahili wa pwani kibla haikuwa na utata. Unguja iko karibu kusini kabisa mwa Makka, hivyo anayesali huko hutazama kaskazini, akiegemea mashariki kwa nyuzi 1 tu. Ndiyo maana neno lenyewe likabeba maana mbili: kibla ni upande wa Makka, na kibla ni kaskazini.

Mzanzibari akihamia Washington, mazoea hayo hayamfai tena. Kwenye ramani ya ukutani anaiona Makka mashariki, chini kidogo. Akienda kusali katika Kituo cha Kiislamu kilichofunguliwa 1957 huko huko Washington, anakuta mihrabu inatazama kaskazini mashariki, nyuzi 56 na nusu kutoka kaskazini. Waislamu wa Amerika Kaskazini wamelibishania jambo hili miaka mingi, na ubishi wao unastahili heshima, kwa kuwa kila upande unataka kutii sawasawa.

Hesabu ya vekta inafungua fundo. Vekta ni mshale: una urefu, una mwelekeo. Kwenye karatasi, namba mbili zinautosha, ya mashariki na ya kaskazini. Duniani inahitajika ya tatu, ya juu na chini. Sasa nyoosha mshale kutoka Washington hadi Al-Kaaba. Haupiti juu ya bahari. Unazama sakafuni kwa nyuzi karibu 48, unatoboa miamba, unaibukia Makka. Ondoa ile sehemu inayokwenda chini, ubaki na kivuli cha mshale juu ya sakafu. Kivuli hicho kinaangukia kaskazini mashariki, pale pale penye mihrabu. Ramani kama ile ya ukutani, aliyoibuni mchora ramani Mercator mwaka 1569, iliwafaa mabaharia wafuatao dira; kosa ni kuiuliza swali la umbo la tufe.

Lakini je, kuelekea ni nini hasa? Hakuna anayesimama kwenye sala akiwa ameinama nyuzi 48. Ibada imechukua kivuli cha mshale, na urefu wake imeuacha kabisa: wa Unguja, kilomita 3,000 hivi kutoka Makka, na wa Washington, zaidi ya 10,000, wanadaiwa jambo lile lile. Mafakihi waliliona swali hili zamani. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani, inadai kuikabili Al-Kaaba yenyewe. Wahanafi wanasema aliye mbali anatoshelezwa na upande iliko. Al-Biruni, akiwa Ghazna, alikamilisha mwaka 1025 kitabu kizima cha kupima mahali pa miji, na kibla ilikuwa mojawapo ya sababu zake. Kupima kwa bidii namna ile ni sehemu ya unyenyekevu wenyewe.

Oktoba 2007, mwezi wa Ramadhani, mwanaanga Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipanda Kituo cha Kimataifa cha Anga. Maulamaa wa nchi yake walikuwa wamempangia ngazi nne za kibla: Al-Kaaba, isipowezekana, mahali palipo wima juu yake, kisha Dunia, kisha popote. Kituo hicho huizunguka Dunia kwa dakika 90 hivi, kwa hiyo mshale uliopimwa wakati wa takbiri huwa umeshageuka kabla ya salamu.