NENO LA MWEZI: MAUA YASIYOPANDWA NA MTU

Masomo: Mathayo 6:28-30, Walawi 25:1-7, Yeremia 29:4-7



Bwana wetu alipowafundisha watu wenye wasiwasi wa chakula na nguo, hakuwapeleka kwenye bustani ya mfalme. Aliwaonyesha maua ya kondeni, ambayo hakuna aliyeyapanda, na ambayo kesho yake ni ya kuwashia tanuru tu. (Sisi tunaohesabu kuni tunalielewa tanuru hilo.) Hata hivyo Sulemani alishindwa nayo kwa mavazi.

Nasema haya kwa sababu ya mteremko ulio nyuma ya kanisa. Wengine wanataka ufyekwe mpaka udongo uonekane, ndiyo usafi. Wengine wanasema: sisi ni wakimbizi, watoto wanalala na njaa, maua ni mambo ya matajiri, tena hapa si kwetu, kutoka Kamembe Bukavu unaiona ng'ambo ya maji.

Hoja hiyo ni nzito, siidharau. Lakini Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli, waliotumaini kurudi upesi, akawaagiza wapande bustani huko huko na kuutakia mji ule amani. Mungu hakungoja warudi ndipo awape ardhi ya kutunza.

Na chakula? Boga halizai kama nyuki hawakubeba ule unga wa manjano kutoka ua dume hadi ua jike. Tukifyeka kila mahali, nyuki watakula nini maboga yakimaliza kuchanua? Hata kishona nguo, tunachokilaani kwa kung'ang'ania vitenge vya mama zetu, kwao ni chakula. Tena mizizi hushika udongo mvua inaposhuka.

Huko Kigali, bonde la Nyandungu, zaidi ya hekta 120 zilizokuwa zimeharibika ndani ya mji, lilirudishiwa mimea ya asili, likafunguliwa kwa watu mwaka 2022. Sisi tuna mteremko mmoja.

Walawi inaagiza mwaka wa saba ardhi ipumzike, na kinachoota chenyewe kiwe cha wote: mwenyeji, mtumwa, mgeni, hata mnyama. Mgeni ametajwa. Mimi hapo husoma polepole.

Basi naomba hivi. Karibu na nyumba tuendelee kufyeka, maana nyoka wapo. Kule mteremkoni, siku ya umuganda mapanga yapite kando mpaka mbegu zikauke na kuanguka, ndipo tufyeke mara moja. Na mama wanaoyajua majani ya kondeni wabaki Jumapili baada ya ibada, wawaonyeshe watoto yapi yana sumu.