Mawe ya Gilgali na Maswali ya Chekechea



Yoshua sura ya 4 inasimulia kwamba Waisraeli walipovuka Yordani walitwaa mawe 12 mtoni, jiwe moja kwa kila kabila, wakayasimamisha Gilgali. Sababu imetajwa wazi: ili siku moja watoto wayaone na kuwauliza baba zao maana yake. Palisimamishwa kitu cha kumfanya mtoto aulize, na mkubwa akatakiwa awe na jibu. Agizo la Pasaka katika Kutoka 12 linakwenda vivyo hivyo. Hata leo, usiku wa Pasaka, katika nyumba nyingi za Wayahudi mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza, na wakubwa humjibu kwa habari za kutoka Misri.

Nasi tuna mahali pa kuwapa watoto nafasi hiyo ya kuuliza: makanisa yetu mengi yana chekechea. Ukipita dirishani utasikia: "Hii ni nini?" "Hii ni embeee!" "Tumeelewana?" "Ndiyo mwalimuuu!" Kuitikia pamoja kuna faida yake, hasa kwa mtoto mwenye haya. Lakini mtoto anaweza kuitikia mwaka mzima bila kuulizwa hata mara moja yeye mwenyewe anaonaje.

Chukua saa ya uji. Mtoto wa miaka minne amechuchumaa ukutani, kikombe mkononi. "Mwalimu, njoo uone, sisimizi wamembeba mwenzao!" Jibu jepesi ni, "Kunywa uji, unapoa." Mwalimu mwenye moyo wa kazi hii huchuchumaa naye. "Eh, kweli! Unadhani wanampeleka wapi?" Halafu ananyamaza. Mtoto anatazama, anafikiri. "Kwao. Mama yake anamsubiri." "Na njia wameijuaje?" Mwenzake anadakia: "Si wanafuatana!" Wa tatu anakataa. Tayari watoto hawa wanatoa hoja na kubishana kwa sababu, na uji bado wa moto.

Kule kunyamaza ndiko kugumu. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi katika shule za msingi, aliona kwamba walimu wengi wakishauliza husubiri kama sekunde 1 tu, kisha hujibu wenyewe au humgeukia mwingine. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na waliozoea kukaa kimya wakaanza kusema. Mtoto wa chekechea anayezungumza Kisukuma nyumbani na Kiswahili shuleni anahitaji kusubiriwa zaidi. Akianza kwa lugha ya kwao, apokelewe hivyo hivyo.

Wapo wanaohofu kwamba mtoto anayeulizauliza atakosa adabu. Wasome Luka 2. Yesu wa miaka 12 aliketi kati ya walimu hekaluni, akiwasikiliza na kuwauliza, kisha akarudi Nazareti na kuwatii wazazi wake. Luka ameyaweka yote mawili katika sura moja.

Walimu wataniambia, "Mchungaji, watoto ni wengi kuliko mikeka." Ni kweli, na mzigo huo ni wa kamati ya shule na wa sisi wachungaji pia, si haki kumwachia mwalimu peke yake. Hata hivyo kuna foleni ya kunawa mikono, kuna salamu za mlangoni asubuhi. Leo azungumze kwa utulivu na watoto watano, kesho na wengine.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Tunaipima chekechea kwa daftari lililojaa alama za vema na kwa Kiingereza cha kukariri, kwa hiyo mwalimu anatupa tunachodai. Nawasihi tuache. Jioni ya leo mwombe mwanao akueleze kitu kimoja alichokiona shuleni, muulize kwa nini anadhani kiko hivyo, kisha weka simu chini umsubiri ajibu.