Hiari ya Asiyeonyeshwa

Katika mkutano wa wazazi uliofanyika karibuni katika shule moja ya pwani, mzazi mmoja aliuliza kwa adabu kwa nini, miongoni mwa wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa wakijaza fomu za tahasusi, waliotaja EGM, HGE au ECA, ambamo ndimo lilimo somo la Uchumi, walikuwa karibu wote wavulana, na wavulana wenyewe wana wa maofisa na wafanyabiashara, hali mabinti wa wavuvi waliandikwa HKL, isiyo na somo hilo, mmoja baada ya mwingine. Bwana mmoja mwenye dhamana alijibu kwamba mlango u wazi kwa wote, na wasioingia wamechagua wenyewe. Watu wakatikisa vichwa kukubali, na kadhia ikafungwa. Mimi naifungua tena hapa, kwa kuwa jibu lile liliwadhulumu watoto ambao hawakuwapo kujisemea.

Uchumi ni nini, vitabu vyasema takriban jambo moja, kwamba ni elimu ya jinsi wanadamu wagawavyo vitu haba kwa haja zao nyingi; hayo tuyakubali tupite. Kinachotaka kuchunguzwa ni hiari, maana ndiyo iliyotajwa kuwa sababu, na sababu ikitajwa hadharani hustahili kuulizwa imetoka wapi.

Mtu huchagua kati ya vitu avijuavyo. Katika shule zetu nyingi somo la Uchumi halikufundishwa kabla ya kidato cha tano, basi mtoto wa miaka kumi na saba hutakiwa alipende au alikatae jambo ambalo hajapata kusoma ukurasa wake mmoja. Mwana wa mfanyabiashara amekwisha kulisikia nyumbani, baba akizungumza na wageni wake habari za riba, za ushuru wa forodha na za kupanda kwa dola. Kwake yeye fomu ile yauliza jambo analolifahamu. Binti wa mvuvi huulizwa swali lilo hilo kwa maandishi yayo hayo, naye hana cha kulijibia ila uvumi. Kusema kwamba wote wawili wamechagua kwa kadiri moja, eti kwa sababu kalamu zao zilikuwa sawa, ni kuhesabu kalamu na kuacha kuhesabu maarifa.

Wala si hilo tu. Hoja ya bwana yule ina ila kubwa zaidi, nayo ni kwamba hakuna jambo lolote duniani liwezalo kuikanusha. Wakija wasichana wachache, atasema wamechagua. Wasipokuja kabisa, atasema wamechagua pia. Na akiletwa binti akatamka kwa kinywa chake kwamba hataki, atasema ushahidi umetimia, ingawa kutotaka na kukata tamaa hutamkwa kwa maneno yale yale, na asikiaye hawezi kuyapambanua mpaka aulize nani alizungumza na binti huyo kabla yake. Namjua mmoja aliyeulizia EGM, akaambiwa na mkubwa wake kwamba hesabu zitamshinda. Aliinamisha kichwa, akaandika HKL, na tangu saa ile akahesabiwa miongoni mwa waliochagua wenyewe. Hoja isiyoweza kukosea haitwambii neno juu ya watoto. Yatwambia tu kwamba msemaji hataki kusumbuliwa.

Yaliyompata binti huyo yalimpata pia Elinor Ostrom wa Marekani: alipokuwa shuleni alizuiwa kusoma trigonometria kwa kuwa ni msichana, na kwa upungufu huo wa hesabu alikataliwa baadaye kusomea shahada ya udaktari ya uchumi katika chuo kikuu cha UCLA, akaingilia elimu ya siasa. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata tangu ilipoanza kutolewa mwaka 1969. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alieleza habari za wavuvi wa Alanya, nchini Uturuki, waliokuwa wakiorodhesha maeneo ya kutega nyavu kila Septemba, wakayagawana kwa bahati nasibu, kisha kila mmoja akasogea eneo moja upande wa mashariki kila siku hadi Januari, na baada yake wakarudi upande wa magharibi, ili kila mtu apate zamu yake penye samaki wengi.

Kila nikumbukapo zamu hizo fikira zangu hunipeleka kwenye upatu wa mama zetu. Wanawake kumi humpa kijumbe shilingi elfu tano kila wiki, na mmoja hupokea elfu hamsini. Wa kwanza amekopeshwa na wenzake tisa bila riba. Wa kumi amekuwa mkopeshaji muda wote ule, na bei za sokoni zikipanda, elfu hamsini zake hununua pungufu ya zile za mwenzake. Je, insafu iko wapi hapo? Katika upatu mmoja niujuao, binti wa kijumbe, ashikaye daftari la mama yake, aliliona hilo bila kufundishwa, akashauri duru ya pili ianzie kwa aliyepokea mwisho, na kina mama wakaridhia. Binti huyo ndiye aliyeambiwa kwamba hesabu zitamshinda.

Wako wasemao kwamba walimu wa somo hili hawatoshi, nao wasema kweli. Wako pia wasemao kwamba mtoto wa mvuvi akishafuzu aweza kufikiri sawasawa na mtoto wa ofisa, basi kuja kwake hakutaligeuza somo, na hilo sina dalili ya kulikanusha.

Linalonitatiza ni jingine. Tukimwita binti, tukamsifia Uchumi mpaka akauandika, tutajuaje kwamba hiari ile ni yake, wala si yetu? Mpaka baina ya kuonyesha na kusukuma ni mwembamba, na hata anyamazaye amekwisha kusukuma upande mmoja. Maadamu fomu hazijafungwa, nawaomba walimu wa taaluma wamwite kila mwanafunzi, wampe kitabu cha Uchumi cha kidato cha tano akasome nyumbani wiki moja, ndipo wamuulize.