Maumivu Yasiyoonekana, Nani Shahidi Wake?



Aliyevunjika mkono hufungwa bandeji, na kila apitaye humpa pole. Mwenye homa hupimwa, na kipimo humsemea. Lakini mtu anayeumwa mgongo na mguu miaka kadhaa baada ya kupasuliwa, kovu lake limepona vizuri, na picha za hospitali zasema kazi ilifanyika sawasawa, huyo ana nini cha kuonyesha? Ana neno lake tu. Basi swali letu la safari hii ni hili: je, neno lake latosha? Na likitosha, sisi tunadaiwa nini kwake, naye anadaiwa nini kwetu?

Swali hili tunalo mwilini. Mwaka tuliostaafu ualimu tulipasuliwa mgongo. Kile kipande laini kilicho baina ya pingili mbili za kiunoni kilikuwa kimechomoza, kikaubana mshipa wa fahamu uendao mguuni. Daktari alikiondoa. Kwa majuma machache mguu ulitulia, tukamshukuru Mungu. Kisha moto ule ukarudi, toka nyongani hadi unyayoni, na hata leo haujatuacha.

Tusije tukadhani kuwa jambo hili ni la mtu mmoja. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa wakiumwa kiuno, na miongoni mwa wanaopasuliwa wako wengi ambao maumivu hayawaondoki. Mshipa uliobanwa muda mrefu huweza kuwa umekwisha kudhurika, ukaendelea kupeleka habari za maumivu hata baada ya kufunguliwa. Kovu la ndani huweza kuushika. Tena mwili ulioumwa siku nyingi huzoea kuumwa, mfano wa kengele ya shule ambayo mpigaji ameiacha nayo ingali ikivuma. Picha huonyesha mifupa na mishipa, maumivu haiyaonyeshi. Ndiyo maana mwaka 2020, Chama cha Kimataifa cha Uchunguzi wa Maumivu kiliporekebisha maelezo yake ya mwaka 1979 kuhusu maana ya maumivu, kiliongeza kwamba mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe.

Naam, wataalamu wamesema. Lakini sisi tulijifunza zaidi Kojani.

Wasomaji wanaijua Kojani, kisiwa kidogo cha wavuvi upande wa mashariki wa Pemba, katika Wilaya ya Wete. Wakojani huenda dago mbali, hata Tanga na pwani ya Kenya. Tulivuka kwa mashua kumtazama rafiki yetu mmoja, mzazi wa watoto tuliowafundisha zamani. Naye alipasuliwa mgongo kama sisi, na kama sisi hakupona. Kazi yake ilikuwa kuvuta nyavu. Katika uvuvi ule, samaki wakiuzwa hutolewa gharama, chombo na nyavu hupata fungu lao, na kinachobaki hugawanywa kwa mabaharia. Asiyevuta hana fungu. Basi vijana wa chombo walinung'unika: "Jana tumemwona akitembea vizuri kwenda pwani. Leo mgongo umeingiaje?"

Nahodha alikata shauri kwamba mzee abaki pwani akitengeneza nyavu, naye apewe nusu fungu. Tulimwuliza kama imemtosha. Akatuambia, "Mwalimu, nusu fungu yanitosha. Kilichonichoma ni kutazamwa ninapotembea. Msikitini naswali juu ya kiti, na hapana aliyenidai cheti cha daktari. Chomboni ndiko nilikodaiwa kila siku."

Katika kurudi hatukusema neno mashuani, kwa sababu maneno yake yalitukumbusha jambo tulilokuwa tumelificha. Na leo tutaliungama hapa, maana bila hilo makala hii haina faida.

Baada ya kupasuliwa hatukuweza tena kupiga magoti wakati wa Misa. Tulikaa, wengine wakipiga magoti. Baadhi ya ndugu walitutazama, na mmoja alisema kwa mzaha kwamba waliostaafu wamestaafu hata magoti. Tangu siku ile, tulipokaribia mlango wa kanisa tulianza kuchechemea kuliko ilivyotulazimu. Na siku ambayo mguu ulitupa nafasi tukaweza kutembea hadi sokoni, tulipita njia ya nyuma ili tusionekane. Tazameni basi. Maumivu yetu yalikuwa ya kweli, lakini kwa kutafuta kuaminiwa tukawa waongo. Kosa ni letu, hatumtwiki mtu. Lakini tumeona jinsi linavyozaliwa: ukimdai mtu ushahidi wa kitu kisichoonekana, utamfundisha ama kuigiza ama kujificha.

Mwingine atasema, "Je, wadanganyifu hawapo?" Wapo. Tumefundisha zaidi ya miaka thelathini, na tunajua matumbo ya watoto yanavyouma siku ya mtihani wa hesabu. Lakini tukijumlisha hasara, wale waliotudanganya walitupotezea kipindi kimoja kimoja. Yule mmoja tuliyemkatalia, tukampeleka kulima shamba la shule, kumbe anaumwa kweli akaanguka, huyo hatujamsahau mpaka leo. Makosa haya mawili hayana uzito mmoja. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi tulio nje ya kaburi tunawezaje kujifanya wapimaji?

Tena mtu anayeumwa hana siku zote sawa. Kutembea vizuri jana si ushahidi dhidi ya leo. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, wakafanya vema. Walikosea walipofungua vinywa na kumtaka akiri kosa lililomletea mateso.

Lakini mwenye maumivu naye ana deni. La kwanza, aseme kweli ya siku hiyo: siku nzuri aiite nzuri, bila kuogopa kwamba kesho hataaminiwa. La pili, afanye anachoweza, kama yule mzee na nyavu zake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno yasiyo na chanzo mahsusi, limetilia mkazo mazoezi na mafundisho, wala halikupendekeza dawa kali za jamii ya afyuni ziwe tegemeo. Sisi tuliopasuliwa tumeshauriwa vivyo hivyo: kutembea kidogo kidogo, wala si kulala kutwa. Lakini mguu ukilegea ghafula, au haja zikitoka bila kujizuia, hapo si pa kuvumilia. Ni kwenda hospitali siku ile ile. La tatu, asiyapime maumivu ya wengine kwa kibaba cha yake.

Basi tunatoa shauri kwa Padri na Halmashauri ya Mtaa. Karibu na mlango wa kanisa uwekwe ubao mmoja wenye egemeo, kwa ajili ya yeyote asiyeweza kupiga magoti. Asiandikwe jina, asiulizwe ana nini. Atakayekaa pale akiwa mzima, hesabu hiyo ni baina yake na Mungu. Sisi tutakaa pale, na siku tutakayoweza kupiga magoti, tutapiga mbele ya watu wote bila kuona haya.