Uko Tayari Kupoteza Kiasi Gani?

Swali lilikuwa la tano kati ya saba, na lilikuwa la kuchagua jibu. Tuseme uwekezaji wako umeshuka thamani kwa robo nzima ndani ya miezi michache. Ungefanya nini? Ningeuza vyote. Ningeuza baadhi. Ningetulia. Ningeongeza. Ilikuwa saa mbili asubuhi, nimetoka zamu ya usiku maabara, chai imepoa mezani, na binti yangu wa miaka minne alikuwa bado amelala chumba cha pili.

Nilikaa na lile swali muda mrefu. Kilichonikwamisha si ile robo. Ni neno "wako". Fedha zilikuwa zinawekwa kwa ajili ya mtoto. Zikipotea, mimi nitasikitika, lakini atakayesimama kwenye dirisha la mhasibu wa chuo akiambiwa hazitoshi ni yeye. Fomu ilikuwa inapima uvumilivu wangu mimi ili iamue ni hasara kiasi gani abebeshwe mtu mwingine, ambaye hata kusoma hajui.

Kwa asiyeufahamu: hapa Marekani kuna mpango wa akiba ya elimu unaoitwa 529, kutokana na kifungu cha sheria ya kodi kilichopitishwa mwaka 1996. Mipango yenyewe inaendeshwa na majimbo. Unaweka fedha ambazo umeshakatwa kodi, zinawekezwa, na faida haikatwi kodi mradi itumike kwa elimu. Ukiitoa kwa kazi nyingine, faida inatozwa kodi ya mapato na kuongezewa faini ya asilimia 10. Mimi naishi Columbus, na jimbo letu la Ohio linakuondolea hadi dola 4,000 kwa mwaka kwa kila mtoto kwenye mapato linayoyatoza kodi. Nilipomweleza dada yangu kwa simu akasema, "Kumbe kama ule Mfuko wa Watoto wa UTT." Kwa kiasi, ndiyo. Unanunua vipande, unasubiri. Ila huku unawekewa orodha ndefu ya mifuko, mzazi uchague mwenyewe.

Upande mmoja wa orodha kuna mifuko ya hisa tupu: inapanda sana, inashuka sana. Upande wa pili kuna akaunti ya benki yenye bima ya serikali, isiyopoteza hata senti na isiyokua kwa kiasi cha kumfurahisha mtu. Katikati kuna hatifungani. Halafu kuna mfuko unaofuata umri, ambao wazazi wengi huishia hapo: mtoto akiwa mdogo, sehemu kubwa ya fedha iko kwenye hisa, kadiri anavyokaribia chuo, mfuko wenyewe unazihamishia kwenye hatifungani na fedha taslimu. Na ukishachagua, fedha zilizomo ndani huruhusiwi kuzihamisha zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Nadhani hiyo ni huruma ya sheria kwa watu kama mimi wanaofungua akaunti usiku wa manane kuangalia kama bado ipo.

Kiswahili kina neno linalonisumbua katika jambo hili: amana. Mtu akikuachia amana, kazi yako ni kuitunza na kuirudisha kama ulivyoipokea. Hukopi humo, hufanyii biashara, huchezi bahati nasibu. Nimelelewa hivyo. Silika yangu ya kwanza, kwa hiyo, ilikuwa kuweka kila senti kwenye ile akaunti ya benki na kufunga kompyuta. Nani ataniuliza?

Lakini namjua mtu aliyefanya hivyo hasa. Baba.

Baba alikuwa karani katika shamba la mkonge Muheza. Dada alipozaliwa, mwishoni mwa miaka ya 1970, baba alimfungulia kitabu cha akiba benki, na kila mwisho wa mwezi alipanda basi kwenda Tanga mjini kuweka chochote alichokuwa nacho. Hakukosa, hata mwaka ule wa foleni za sukari. Tatizo ni kwamba katika miaka ya 1980 bei nchini Tanzania zilikuwa zikipanda kwa takriban asilimia 30 kila mwaka. Piga hesabu: kitu cha shilingi 100, kikipanda kwa kasi hiyo miaka 12, kinakuwa cha shilingi zaidi ya 2,000. Benki ililipa riba, lakini riba haikuweza kukimbizana na hilo. Hakuna aliyemwibia baba. Kila shilingi aliyoiweka ilikuwa bado imeandikwa mle kitabuni, kwa wino, na mhuri juu yake.

Mwaka 1992 dada alimaliza darasa la saba. Hakuchaguliwa sekondari ya serikali. Enzi hizo waliochaguliwa walikuwa wachache sana. Ikabidi shule ya kulipia. Akiba ya tangu alipozaliwa ilitosha muhula mmoja. Dada alisoma huo muhula, akarudi nyumbani na daftari zake, na hakurudi tena.

Mimi nilifuata karibu miaka kumi nyuma yake. Safari hii baba hakugusa benki. Aliuza nusu ya shamba la michungwa, akaweka yote kwa mtoto mmoja, mimi, bila kujua kama nitafaulu au nitapata mimba kidato cha pili kama majirani walivyotabiri kwa sauti. Ningeleta fomu hii ya maswali saba kwa mshauri yeyote wa fedha, angesema yule mzee alikosea mara mbili: mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili kwa kutogawanya mayai yake. Mimi ndiye matokeo ya kosa la pili. Dada ni matokeo ya la kwanza.

Kwa hiyo siwezi kusema benki ni mahali pasipo na hatari. Hatari ilikuwepo, ila ilikuja taratibu, bila siku moja ya kupiga kelele, na ilimwangukia mtu ambaye hakuulizwa. Amana ya fedha ni kitu cha ajabu: ukiirudisha kama ulivyoipokea, umerudisha pungufu. Mtunzaji analazimika kuihatarisha kidogo ili isioze. Lakini kidogo kiasi gani, na kwa ruhusa ya nani?

Nilidhani hatifungani ndizo zitanipa jibu la wastani. Nikasoma historia. Mwaka 2008 soko la hisa la Marekani, kwa kipimo cha S&P 500, lilipoteza karibu asilimia 37. Hilo wengi wanalijua. Wasichokijua wengi ni kilichotokea Oregon. Kulikuwa na familia ambazo watoto wao walikuwa wamebakiza mwaka mmoja au miwili kuingia chuo, na mfuko ulikuwa umeshawahamishia kwenye hatifungani, upande wa utulivu. Mfuko mmoja wa hatifungani wa kampuni ya Oppenheimer uliotumika katika mpango wao ulikuwa umejaa mikataba ya hatari iliyofungamana na mikopo ya nyumba, ukaanguka zaidi ya theluthi mwaka huohuo. Jimbo likafungua kesi, na mwisho wa mwaka 2009 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 20. Halafu mwaka 2022, bila udanganyifu wa mtu yeyote, hisa na hatifungani zilianguka pamoja: hisa kwa karibu asilimia 18, hatifungani kwa karibu 13, wakati mfumuko wa bei mwezi Juni ulikuwa umefika asilimia 9.1. Mwaka huo hapakuwa na pa kujificha.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Kisomali mwenye watoto wanne, ana tatizo ambalo sikuwahi kulifikiria. Kwake hatifungani ni riba, na riba hagusi. Ule mfuko unaofuata umri, kadiri mtoto anavyokua, ndivyo unavyomsogeza kwenye kitu alichokatazwa. Anabaki na hisa tupu hadi siku ya kuandikishwa chuo. Dhamiri yake inamgharimu usalama, na anayelipa, tena, ni mtoto. Nilimuuliza kama hilo halimsumbui. Alisema linamsumbua kila siku, akanikaribisha sambusa.

Labda ningeishia hapo, nikachagua, kama si tabia yangu ya kimaabara ya kutaka kuona kilichomo ndani ya chupa. Mfuko wa hisa za kimataifa una orodha ya kampuni zote unazozimiliki, maelfu. Niliisoma asubuhi moja nikisubiri usingizi. Sigara zimo. Silaha zimo. Na mle ndani, si mbali sana na juu, nikakuta TotalEnergies, ile kampuni ya Ufaransa yenye asilimia 62 ya bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, kilomita 1,443, hadi Chongoleani. Chongoleani ni Tanga. Ni kwetu.

Mtoto wa dada yangu alifanya kibarua huko miezi miwili kabla ya kuanza chuo. Alibeba, alichimba, alilipwa kwa siku. Anayenisoma kwa makini ameshaona ninachotaka kusema: kama bomba lile litaleta faida, chembe yake, ndogo kiasi cha kutohesabika, itaingia kwenye akaunti ya binti yangu Columbus, bila kodi. Sidai kwamba kuna aliyefanya uovu. Yeye alihitaji kazi, nayo ilikuwepo. Sijui hata kama kuchagua mfuko mwingine kungebadilisha kitu zaidi ya usingizi wangu. Lakini tangu siku ile siwezi kusema "soko limepanda" kama mtu anayesema mvua imenyesha. Limepandishwa na watu, na mmoja wao ananiita mama mdogo.

Mama mdogo. Kwa Kiingereza mimi ni shangazi yake tu. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wangu, na hilo si neno la adabu, ni mgawanyo wa kazi. Anasoma utabibu katika chuo cha afya cha kulipia. Wiki ileile niliyokuwa nahangaika na swali la tano, dada alituma ujumbe wa sauti: karo ya muhula imebaki shilingi milioni moja na laki sita, mitihani ni baada ya wiki tatu, asiyelipa haingii. Kama dola 600. Akiba niliyotenga kufungulia akaunti ya binti yangu ilikuwa dola 1,000.

Nilifanya kitu cha kijinga, nikaenda kusoma sheria. Nilishangaa kukuta kwamba 529 inaruhusu kubadili jina la mnufaika kwenda kwa ndugu wa mnufaika huyo, na katika orodha ya ndugu hao binamu yumo. Sheria ya kodi ya Marekani inamtambua! Kisha nikaendelea kusoma. Mnufaika lazima awe na namba ya kodi ya Marekani. Chuo lazima kiwe kati ya vile vinavyotambuliwa na mpango wa mikopo ya wanafunzi wa serikali ya Marekani. Undugu unakubalika, mradi uwe na karatasi.

Kuna jambo jingine nililolikuta humo. Kisheria fedha zile si za binti yangu. Ni zangu. Naweza kuzitoa kesho, nikilipa kodi na faini ya faida, na yeye hana pa kushtaki. Amana yote imesimama juu ya neno langu. Nilitarajia nijisikie huru. Badala yake niliona haya, kwa sababu nilishaanza kusema moyoni kwamba siwezi kumsaidia kijana kwa kuwa "fedha ni za mtoto".

Hoja ya kuziacha zikue inajulikana, na ina nguvu: dola 600 zikikaa miaka 14 huenda zikawa mara mbili, au zaidi. Huenda. Mtihani wa kijana uko baada ya wiki tatu, na hauna huenda. Ila pia najua ujumbe wa sauti utakuja tena muhula ujao, na ujao, na kuna siku binti yangu atakuwa na miaka 18 na mimi nitakuwa na hadithi nzuri ya ukarimu na akaunti tupu. Dada mwenyewe ndiye anayejua kuliko wote mtoto anavyolipia uamuzi wa mzazi.

Nilituma 600. Nikafungua akaunti kwa 400, mfuko unaofuata umri, wenye hisa za dunia nzima, Chongoleani ikiwemo. Kila mwezi nakatwa dola 75, ingawa nilipanga 150. Nusu nyingine naiweka kando kwenye akaunti ya kawaida, inayotozwa kodi, isiyo na jina la mtu.

Nilimpigia dada kumwambia karo imeingia. Tukazungumza mengine, kisha akauliza yale maswali saba niliyamaliza vipi. Nikamsomea la tano, kwa Kiswahili, na majibu yake manne.

"Wewe ulichagua lipi?"

"Ningetulia."

Dada alicheka, kicheko kirefu, hadi nikasikia mtu akimuuliza kuna nini.

"Baba naye angeweka tiki hapohapo," alisema. Halafu akaniuliza binti yangu ameshaanza kuandika jina lake.