Mpito Unampitia Nani

Jirani yangu wa mlango wa tatu ana mtoto mwaka wa nne chuo kikuu. Jumapili moja jioni, stima ikiwa imepotea mtaa mzima, tulikaa kwenye korido ya plot, yeye akipepea jiko. Akamwuliza mwanawe swali ambalo nadhani alikuwa amelikalia siku nyingi: "Hivi huko shule unasoma nini hasa?" Kijana akataja somo la muhula huo kwa Kiingereza, jina refu la kukata pumzi. Mama hakuacha kupepea. "Sasa niambie kwa Kiswahili." Kijana akanigeukia mimi, maana hapa mtaani Lucky Summer, Nairobi, kosa la kuandika magazetini limenipa cheo cha mwalimu wa maneno.

Nikajaribu: "Teknolojia vurugizi na mipito endelevu."

"Kuvuruga!" mama akasema. "Nilipe karo mtu akajifunze kuvuruga? Si angebaki hapa akavurugwe bure?"

Tulicheka, lakini neno lile lilinikatalia usingizi. Kwa Kiswahili mtu huvuruga maji, huvuruga mkutano, huvuruga ndoa ya mwenzake. Sijasikia anayesifiwa kwa hilo. Wenye biashara wa Marekani ndio waliogeuza neno la Kiingereza lenye maana hiyo, "disruptive", kuwa sifa, na hata wao walilichukua kwa Clayton Christensen wa Harvard, aliyelitumia mwaka 1995 na kisha katika kitabu chake cha 1997, akiwa na maana finyu: bidhaa duni na rahisi inaanzia kwa wateja wasiohesabiwa, wakubwa wanaidharau, wanazinduka wakiwa wamechelewa. Kabla yake, mwaka 1942, mwanauchumi Joseph Schumpeter alikuwa amekwisha kusema kwamba ubepari huishi kwa kubomoa ili ujenge. Lakini maji huvurugwa yakiwa yametulia. Mtaa huu, ambao hata jina lake ni la majira tusiyo nayo (njoo Julai uone baridi), ulitulia lini?

Chukua M-Pesa, ambayo kila mhadhara huanza nayo. Ilipozinduliwa Machi 2007, wengi wa watu wa mitaa kama huu hawakuwa na akaunti ya benki ya kuvurugwa. Waliopoteza walikuwa wengine: foleni ya Posta, na kondakta wa basi la usiku aliyekabidhiwa bahasha ya nyumbani pamoja na dua. Miaka michache kabla ya hapo, pembeni mwa barabara kulikuwa na vibanda vya simu ya jamii, mtu amekaa na simu ya mezani akikuhesabia dakika. Simu za mkononi ziliposhuka bei, vibanda vikatoweka bila kuagwa. Baadhi ya wenye vibanda wakawa mawakala wa M-Pesa. Leo watu hulipa moja kwa moja kwa namba ya till, hawatoi tena pesa taslimu kama zamani, na wakala naye ameanza kuangalia mlango. Mvurugaji wa jana anavurugwa leo, na ni mtu yuleyule, kwenye kibanda kilekile, kilichopakwa rangi mpya.

Neno "mpito" nalo lina mtego wake. Limetokana na kupita, na kitenzi hicho kina upande wa pili: kupitwa. Mtu hupitwa na basi, hupitwa na wakati, hupitwa na wenzake. Kiswahili kimeweka wote wawili kwenye mzizi mmoja, anayepita na anayepitwa, na ukitaja mmoja mwingine anakohoa nyuma ya mlango. Katika nadharia anazosoma kijana wetu sikumwona huyo wa pili kwa urahisi. Mholanzi Frank Geels, katika makala yake maarufu ya mwaka 2002, alipanga mabadiliko kwa ngazi tatu. Chini kuna kitalu, ambamo mambo mapya hulelewa kama miche. Katikati kuna mfumo uliozoeleka wa mitambo, sheria na tabia za watu. Juu kuna mazingira mapana yanayousukuma mfumo huo. Ni mchoro mzuri, nimeuona daftarini mwake, umejaa mishale midogo inayopanda.

Jikoni kwa mama yake mishale haipandi hivyo. Ana mtungi wa gesi kwa chai ya asubuhi, jagi la umeme kwa maji ya kuoga, na jiko la makaa kwa maharagwe na githeri, kwa sababu maharagwe yanaweza kumaliza mtungi ukiangalia. Julai 2021, serikali iliporudisha VAT ya asilimia 16 kwenye gesi, mtungi ulikaa mtupu pembeni kama mgeni aliyechelewa kuondoka, makaa yakarudi kazini kutwa. Huko chuoni huenda wakamwandika kama mtu aliyerudi nyuma. Yeye alikuwa akipika.

Na kuna upande mwingine ambao mchoro haufiki. Panda juu ya paa tunakoanika nguo, angalia ng'ambo ya mto: jaa la Dandora, lililoanza miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Malori bado yanaingia. Korongo wamesimama juu ya rundo kama mahakimu, watu wamejikunja wakichagua chupa na vyuma, na upepo ukigeuka moshi unakuja kulala nasi. Mwaka 2007 utafiti wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Nairobi, Gigiri, ulipima watoto 328 wa maeneo yanayozunguka jaa hili. Takriban nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati ule. Februari 2015 mitambo ya analogia ilipozimwa na televisheni ikahamia dijitali, tulishangilia picha safi. Zile televisheni zenye mgongo zilikwenda wapi? Kila kitalu kina jaa lake, na jaa halina mhadhara.

Sasa wanafunzi kama kijana wetu wanasoma pikipiki za umeme. Nami nazipenda, nasema wazi: hazingurumi, hazitoi moshi, na sehemu kubwa ya stima yetu hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo, si mafuta. Kijana mmoja wa stendi ya bodaboda aliniambia anatumia pesa kidogo kuliko wa petroli. Nikamwuliza, ikiharibika? Akapiga betri kwa kiganja. "Hii si yangu. Ninabadilisha tu." Nduthi ya petroli hufunguliwa kwa spana na fundi yeyote aliye chini ya mti. Betri ile hufunguliwa na kampuni.

Hapo ndipo nilipoliangalia upya jiko la jirani. Lile lenye kiuno chembamba, bati nje, udongo wa kuchomwa ndani. Lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo la udongo likiwa limekopwa kwa majiko ya ndoo ya Thailand, na lilipata miguu yake hapa Eastlands, mikononi mwa mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo. Waliiga, wakaigwa, wakabadilisha vipimo bila kumwomba mtu ruhusa. Lilipunguza makaa katika nyumba ambazo hazijawahi kusikia neno endelevu. Na neno lenyewe ukilisikiliza, limetoka kwenye kuendelea. Kisha kuna kuendeleza, ambako lazima pawe na mtu mwingine wa kukipokea kitu na kukisogeza. Nikimsikia mtu akiita kitu endelevu, siku hizi naangalia kwanza kama kinaweza kuendelezwa na mkono ulio karibu nacho.

Nilimwambia kijana hivyo. Akasema mhadhiri wake atataka ushahidi.

Wiki iliyofuata udongo wa jiko ukapasuka, mama akamtuma nalo kwa fundi wa barabarani. Alirudi baada ya saa moja, udongo mpya umekaa ndani, saruji bado mbichi pembeni. Nikamwuliza kama alimhoji fundi alijifunzia wapi kazi ile.

"Nilimwuliza. Akaniambia aliangalia tu mwenzake."

Saruji iliachwa ikauka. Siku ya tatu mama aliwasha makaa, akabandika maharagwe. Saa moja usiku stima, iliyokuwa imepotea tangu mchana, ikarudi, plot nzima ikapiga kelele ya furaha. Mama hakuinua hata uso. Maharagwe yalikuwa bado.